Dakika Arobaini na Tano

Jambo la mwisho la kawaida nyumbani kwangu lilikuwa swali. Gloriose, mke wangu, aliuliza kutoka kizingitini, "Imefika ngapi?" Nikamjibu, "Thelathini na nane." Alikuwa anauliza asilimia ya faili lililokuwa likipanda mtandaoni. Lilipofika mia nilikuwa nimeshampeleka hospitalini, na siku ya tatu tulimzika. Hiyo ni miezi saba iliyopita. Kazi yangu haijabadilika: kila asubuhi ya kazi napima kina cha ziwa, napiga picha za daftari na kuzipandisha kwenye mtandao ili wakubwa wangu wazione Bukavu. Kilichobadilika ni antena mpya, iliyowekwa juu ya bati langu kwa majaribio. Ilikuja pamoja na fishe, karatasi yenye mstari mmoja wa kujaza: "Muda uliopotea kwa mwaka kabla ya antena: saa ......" Isipojazwa kufikia siku ya tano saa mbili asubuhi, antena ingehamishiwa Luvungi. Nilikuwa nimeibeba fishe hiyo mfukoni siku nne nilipokwenda kukaa kijiweni Mulongwe, hapa Uvira, kwenye ubao wa mtumbwi uliovunjika, pale Ninahazwe anapouza kahawa.

Volti, fundi wa redio, ndiye aliyeniona nikiikunjua.

— Profesa, ile karatasi bado? Hesabu imekushinda?

— Hesabu ninayo, nikasema. Zamani faili lilichukua dakika arobaini na nane. Sasa tatu. Tofauti ni arobaini na tano, siku tano kwa wiki, wiki arobaini na sita. Saa mia moja sabini na mbili na nusu.

— Ni kidogo! alisema Volti. Hiyo umehesabu kungoja peke. Muntu akingoja anachoka, akichoka anapumzika. Piga mara mbili. Mia tatu makumi ine na tano.

— Na hasira hauhesabu? aliingilia Viraji, motari anayebeba abiria kwa pikipiki njia ya Luvungi, ambaye kwao anaitwa Ndayisenga. Minye rezo ya simu ikikwama asubuhi, minakasirika mpaka mangaribi. Andika elfu moja.

— Weye unakasirikaka hata rezo ikiwa muzuri, alisema Ninahazwe.

— Mama, hiyo ni hasira ingine. Hiyo ni ya pikipiki.

Volti alikuwa ameshachukua kijiti na kuanza kuandika kwenye vumbi.

— Ngojeni. Kama Uvira yote iko na antena? Bantu bote, kila mumoja na masaa yake? Tutakuwa na akiba ya miaka elfu mbili!

— Basi shiye ba Uvira tutapita Kinshasa mbele, alisema Viraji. Muntu wa Kinshasa akikupigia simu leo, weye unamujibu kutoka kesho kutwa.

— Atakuuliza mupira ulimalizika ngapi ngapi, alisema Volti.

— Na minye sitamuambia!

Tulicheka. Hata mimi nilicheka, na nikajisikia nikicheka. Ndipo tukamwona mama mzee amesimama kando ya jiko, na kibuyu cha maziwa begani. Ubao ulikuwa umejaa na hakuna aliyemwona alipofika. Jina lake Nyirabahizi. Alikuwa ameshuka kutoka milima ya Rurambo kukaa kwa binti yake, na hii ilikuwa wiki yake ya kwanza mjini.

— Munahesabu nini, watoto wangu?

— Masaa, mama, alisema Volti. Huyu papa alipoteza masaa mingi sana. Kila siku dakika makumi ine na tano, anaangalia mashine tu.

— Alikuwa anafanya nini?

— Alikuwa anangoja.

Mama alihamisha kibuyu bega la pili. Akanigeukia mimi, si Volti.

— Ulikuwa unangoja na nani?

Volti aliacha kijiti. Viraji alianza kufuta kioo cha pikipiki, kilichokuwa safi. Ninahazwe aliinua birika, akaona ni tupu, akaliweka.

— Bikombe bibili bya kahawa, alisema Ninahazwe polepole. Gloriose alikuwa anakuja na sahani yake, anasema, "Dada, mupimie na mwenye mashine yake." Kila asubuhi. Na sukari mbili kwa ya kwake.

— Tatu, nikasema.

— Njo vile. Tatu.

Mama alinipa pole kwa mikono miwili, namna ya kwao, akashika njia ya kwa binti yake. Hatukuwa tumempa hata mahali pa kukaa.

— Profesa, alisema Viraji. Mulikaa vile miaka ngapi?

— Kumi na moja.

— Inafanya ngapi?

Sikuhitaji kijiti.

— Siku sabini na tisa, usiku na mchana, na saa moja na nusu.

Viraji alipiga mluzi.

— Siku sabini na tisa za kukaa na bibi sababu ya rezo mubaya! Minye rezo iko muzuri, na wangu hanipatii hata dakika kumi.

— Sababu anakufahamu, alisema Ninahazwe, na kicheko kilirudi, kidogo kwanza, kisha chote.

Asubuhi iliyofuata nilipima ziwa, nikarudi nyumbani kabla ya saa mbili, nikatandaza fishe mezani. Nilikata neno "uliopotea", nikaandika juu yake "wa kungoja". Kisha nikaandika 172.5, nikaipiga picha na kuipandisha pamoja na daftari. Ilichukua dakika tatu.

Kiti cha Gloriose, alichokalia tulipongoja faili, kilikuwa nyuma ya mlango, kimekunjwa tangu matanga. Nilikipangusa, nikakibeba mpaka Mulongwe, nikakifungua kando ya jiko, pale alipokuwa amesimama yule mama. Ninahazwe alitazama kiti, akanitazama mimi, akasuuza vikombe viwili.