Kiti cha Dirishani, Treni ya Lopburi

Aliyeisimulia habari hii kwanza ni Angélique, mke wa Anselme, asubuhi ya Jumapili ya pili ya Desemba 2022, jikoni kwake Thamesmead, akimenya viazi. Yalikuwa yametokea jana yake, naye alikuwepo tangu neno la kwanza. Benchi lenyewe liko mbele ya duka la kufulia nguo kwa mashine, chini ya majengo ya saruji, na ubao wake mmoja umekatika. Kila Jumamosi saa nne, wakati nguo za Angélique zikizunguka ndani, wanaume watatu hukaa hapo wakinywa kahawa ya tangawizi kutoka kwenye chupa yake. Aristide, mtu wa Uvira, mlinzi wa duka kubwa, huitwa Jenerali, kwa sababu kila jambo kwake ni shambulio la kuvizia. Zein wa Unguja anafanya kazi kwenye stesheni ya treni za chini ya ardhi. Yeye ni Ramani: ameelekeza maelfu ya watu njia ya uwanja wa ndege bila kwenda mwenyewe. Anselme ni Katibu, kwa kuwa hasahau tarehe. Nafasi ya nne ilikuwa ya Luc, msafisha mabasi katika gereji moja huko Harrow, ambaye kwa sala zake ndefu walimwita Mchungaji. Tangu katikati ya Septemba alikuwa akisema ana zamu za Jumamosi, na siku ile pia nafasi yake ilikuwa wazi, na juu yake Anselme alikuwa ameilaza simu, na kwenye simu kuna picha.

— Hebu ikuze tena, — alisema Zein.

Anselme aliikuza. Tangu Jumatatu Luc alipoiweka kwenye stetasi yake, naye akaihifadhi, alikuwa ameshaikuza mara nyingi hata akajua idadi ya meno yanayoonekana. Hekalu la mawe meusi, minara mitatu. Meza ndefu yenye kitambaa chekundu, mananasi na matikiti yamepangwa kama karamu ya harusi, na nyani wamekaa juu yake wakila bila haya. Nyuma ya meza, watu kumi kwa safu. Katikati ni Luc na kofia ya kijani, ile ambayo Anselme alimpa siku ya kuzaliwa. Na kando ya Luc, mkono begani kwake, mwanamke mwenye skafu ya njano.

— Thailand, — alisema Zein. — Mchungaji wetu. Thailand!

— Siyo Thailand tu, — alisema Anselme. — Ni Lopburi.

Alilitamka jina hilo kama mtu anayetaja kiwanja alichodhulumiwa.

Wote walijua kwa nini. Mwaka 2006 Luc na Anselme walikuwa wakiosha vyombo katika mgahawa wa Kithai, wakilala chumba kimoja na godoro moja, kila mmoja akisubiri jibu la ukimbizi wake. Mwisho wa mwaka mwenye mgahawa aliwapa kalenda. Ukurasa wa Novemba ulikuwa na minara ile mitatu na nyani mezani, maana watu wa mji ule huwaandalia nyani matunda kila mwaka, mwezi huo. Luc alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, siku karatasi zetu zote mbili zikitoka, tutakwenda kuwaona hao wanyama wanaotandikiwa meza wakati sisi tunakula tumesimama. Karatasi za Luc zilitoka Machi 2009. Za Anselme, Oktoba 2011. Pasipoti ya Anselme ilikuja Mei 2016 na mpaka Jumamosi ile haikuwa na muhuri hata mmoja. Mara alisema watoto, mara goti, mara zamu. Lakini ukurasa wa Novemba alikuwa nao bado, kwenye sanduku la vyeti, na hakuna mwaka ambao hawakuutaja.

— Miaka kumi na sita, — alisema. — Halafu anakwenda na watu wa gereji.

— Tena safari yenyewe ya kubanana, — Zein alimfariji. — Nimeuliza mimi. Watu kumi kwa bei ya kundi. Treni daraja la tatu, madirisha wazi, feni juu. Chumba kimoja vitanda vya ghorofa. Yakhe, hiyo si safari, hiyo ni bweni.

— Ungeitwa ungekwenda? — Angélique alimuuliza.

— Mimi? — Zein alinywa kahawa. — Ningekwenda kwa miguu.

Aristide alikuwa ameinama juu ya simu muda wote, jicho moja amelifumba.

— Apana, — alisema. — Ile picha si ya kweli. Miye ni mlinzi, natazama kamera miaka kumi na mbili. Angalia kivuli cha Luc. Kinaenda kushoto. Cha nyani kinaenda kulia.

— Nyani amegeuka, Jenerali.

— Kivuli hakigeuki! Hawa wamesimama Woolwich, mbele ya ukuta uliochorwa. Luc eko hapa hapa mjini, anatucheka.

— Na jasho lile? — alisema Zein. — Desemba hii, nani anatoka jasho Woolwich? Mimi nnakwambieni, yuko huko, na sababu ni huyu bibi wa skafu. Muangalie mkono. Mkono huo si wa mfanyakazi mwenzio. Hiyo ni harusi, bwana. Wamekwenda mbali ili tusidai pilau.

— Harusi mbele ya nyani?

— Mashahidi wasiosema, — alisema Zein. — Ungemtafuta shahidi bora ungempata wapi?

Anselme hakucheka. Alikuwa akiupima mkono ule. Haukuwa mkono wa mke. Ulikuwa mbaya zaidi: mkono wa mtu aliyesimama mahali pake. Kama picha ile ingepigwa sawasawa, pale kwenye skafu ya njano pangekuwa na shati lake la bluu, lile la ubatizo wa mtoto wake Gloire.

— Mnakosea nyote, — Aristide aliendelea, kwa kuwa hoja ya Woolwich ilikuwa imeshindwa. — Sasa nimeona. Luc anatafuta kiti cha enzi. Nchi ile nyani wana cheo, si wanatandikiwa meza? Anayewalisha vizuri, anaachiwa mji. Minasema, ndani ya miezi sita mtasikia Mwami Luc wa Kwanza. Na siku tukienda kumsalimu tutaambiwa tukae nje na wale nyani.

— Nyani watakaa ndani, — alisema Zein. — Nje tutakaa sisi.

— Na mimi niliyempa nusu ya godoro, — alisema Anselme.

Alilisema polepole. Angélique alimwongezea kahawa bila kumwangalia.

— Si umuulize? — alisema.

— Nimuulize nini? Mtu akitaka uwepo atakuita. Hakuniita. Aibu nyingine ya nini tena?

Ndipo mwanamke mmoja alipovuka njia akija upande wao, mfuko wa karatasi kifuani, akisoma benchi kama anayesoma namba za nyumba. Alikuwa wa makamo, Mhindi, koti kubwa, na chini ya koti skafu ya njano. Aristide alimpiga Zein kiwiko. Zein aliilaza simu kifudifudi, kama mwanafunzi aliyeshikwa na karatasi ya majibu.

— Hamjambo, — alisema mwanamke, kwa Kiswahili cha Nairobi. — Benchi ya mbele ya dobi, ubao mmoja umevunjika. Ni hapa. Mimi naitwa Ushma, natoka Harrow, napanga zamu pale gereji na Luc. Anselme ni nani?

Wawili walimtazama wa tatu, ikatosha.

— Ni wewe. Basi niambie, — alisema Ushma. — Mbona hukuja?

Angélique alisema kwamba wanaume wote watatu walimgeukia yeye, kana kwamba ndiye aliyeulizwa.

— Sikuitwa, — alisema Anselme hatimaye.

— Uliitwa. Nilikuwa nimesimama karibu yake kantini. Aliingia kona, akazungumza na simu robo saa nzima, mpaka chai ikapoa. Kesho yake akatuonyesha jibu lako: Amina, ndugu. Tukajua unakuja. Tukangoja nakala ya pasipoti mpaka Ijumaa. Hakuna. Na bei ilikuwa ya watu kumi, si tisa. Ndio wakanipa mimi nafasi yako. Mimi hata sikuwa nataka, mimi na nyani wapi na wapi!

Anselme alichukua simu. Alirudi nyuma, wiki baada ya wiki, mpaka tarehe kumi na mbili Septemba. Ujumbe wa sauti wa Luc, dakika kumi na nne na sekunde sita. Chini yake, Amina, ndugu.

Hapo Angélique alikuwa na la kusema, na alilisema.

— Mama Ushma, nikueleze namna anavyosikiliza. Luc akituma sauti, huyu anaibonyeza, anaiweka simu juu ya friji, ijisemee yenyewe, ili Luc aone imesikilizwa. Yeye anakaanga samaki. Ikinyamaza, anaandika Amina.

— Luc anasalimia dakika tisa! — alisema Anselme. — Anasalimia watu wa nyumbani mmoja mmoja! Na mwisho kila siku ni sala!

— Hata mimi naandika Amina, — alisema Zein, akiisogeza simu yake mfukoni.

— Miye naweka alama ya mikono miwili tu, — alisema Aristide. — Ile ya kusali.

Ushma aliwatazama mmoja mmoja.

— Yaani hakuna hata mmoja wenu amewahi kumsikiliza huyu mtu mpaka mwisho?

Zein aliinamia simu ya Anselme.

— Ruka mpaka dakika ya kumi, — alisema Zein kwa sauti ndogo.

— Hapana, — alisema Anselme. — Tokea mwanzo.

Akaiweka simu kwenye nafasi ya Luc, ikaanza kusema. Luc alimsalimia Anselme. Alimsalimia Angélique na mgongo wake. Alimsalimia Gloire na mtihani wake, mdogo wake Gloire na jino lake, na jirani wa juu aliyeanguka kwenye ngazi. Akaeleza mvua ya Uvira na bei ya mihogo huko. Aliuliza goti linaendeleaje, akangoja kidogo, kana kwamba simu ingejibu. Hakuna kilichosahauliwa. Mtu angedhani ni yeye aliyekuwa Katibu. Dakika ya tisa chupa ya kahawa ilikauka, Angélique akaifunga, na hakuna aliyenyanyua kikombe kuuliza.

Dakika ya kumi na mbili Luc akakohoa.

“Sasa, Anselme, neno lenyewe. Tarehe imepatikana. Wale nyani wa kalenda. Watu wa gereji wanakwenda Novemba, bei ya kundi, nimeandika jina lako chini ya langu. Kuna treni ya kwenda kule, madirisha wazi. Kiti cha dirishani ni chako, nimeshawaambia, goti linahitaji kunyooka. Nitumie nakala ya pasipoti kabla ya Ijumaa. Kama haiwezekani, au umeichoka hadithi ile, usijisumbue kunieleza. Nisipoiona nitaelewa. Basi, tuombe.”

Akaomba. Sala ilikwisha, na kwenye benchi hakuna aliyesema amina.

Zein aliinuka, akatazama mashine za nguo kwa dirisha, kama zilikuwa zake. Anselme alikuwa bado anaitazama simu. Angélique alidhani sasa wivu umemtoka. Haukuwa umetoka.

— Kiti cha dirishani ulikaa wewe? — alimuuliza Ushma.

— Nilikaa mimi.

— Uliona nini?

— Mashamba ya mpunga. Ndege weupe. Mama mmoja aliingia anauza wali kwenye majani, tukala sote.

— Na Luc?

— Luc hakutazama nje. Alikuwa anatazama simu yake. — Ushma akaishusha sauti. — Ile picha ya nyani, mimi ndiye nilimlazimisha asimame. Nikamshika bega asitoroke. Baada ya hapo nyani mmoja akamnyang'anya kofia, akapanda nayo mnarani. Alibaki chini yake saa nzima anaibembeleza. Tuliita, hakutaka kuondoka.

— Aliipata?

— Hakuipata.

Ushma akafungua mfuko wa karatasi, akatoa kalenda ya mwaka unaokuja. Minara mitatu ilikuwa kwenye jalada.

— Alinunua mbili. Hii aliiacha kwenye kiti cha uwanja wa ndege. Nikamwita, akasema haina mtu. Hajanituma. Anadhani nimekwenda dukani.

Anselme aliipokea kwa mikono miwili. Hakuifungua. Alimuuliza tu Luc yuko wapi sasa, akaambiwa yuko kazini, zamu mpaka saa kumi na mbili. Akasimama, goti likalia, akaanza kwenda kituoni. Hakusubiri nguo. Safari ya Harrow kutoka pale ni saa mbili kasoro, ukibahatika.

Walizungumza nini huko, Anselme hajamwambia mtu, hata Angélique. Luc alirudi kwenye benchi baada ya Krismasi, akakaa mahali pake, bila kofia. Siku moja Zein alimwomba atume sauti kama zamani, Luc akasema hana nafasi.

Aristide alifariki Agosti 2024. Binti yake Miradie alipoifungua simu yake alikuta humo sauti za Luc thelathini na moja, zote zina ile mikono miwili chini yake, na alizisikiliza kwa siku nne, kwa kuwa kila moja ilikuwa imemsalimia na yeye kwa jina. Zein yu hai. Ushma yu hai, na Angélique yu hai, na chupa ni ile ile. Luc yu hai. Siku hizi haongei na simu. Huandika mistari miwili, na Anselme, ambaye naye yu hai, huisoma yote, kisha hungoja kama kuna mwingine.