Miaka Kumi na Sita ya Madame Annuarite, na Ithibati Isiyopatikana

Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba 2025, Madame Annuarite Nabintu anastaafu baada ya kufundisha kompyuta katika kituo chetu cha kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwa miaka kumi na sita.

Alitoka Bukavu, Kongo, na watoto wawili na begi moja. Shahada yake ya informatique, yaani sayansi ya kompyuta, iliteketea pamoja na nyumba. Wakati ule kituo kilikuwa na kompyuta nne na umeme wa kubahatisha. Umeme ukikatika, alichora kibodi kwenye vipande vya katoni, wanafunzi wakaendelea kubonyeza. Mgeni mmoja aliyetukuta hivyo alidhani tunafundisha kinanda cha kanisani.

Zaidi ya vijana mia tatu wamepita mikononi mwake. Bienvenu, hodari kuliko wote, alifaulu usaili wa kampuni moja ya City Centre, Lilongwe, mpaka alipoombwa cheti. Kozi yetu haina ithibati, kwa hiyo cheti chake hakikutambuliwa. Leo anauza kava za simu mtaa wa Chilinde, mjini humo humo. Jambo hilo lilimuuma Madame, akaanza kuandika maombi ya ithibati.

Aliyaandika mara tatu, kwa miaka saba. Wakaguzi wa ithibati walitaka mtaala mpya, akauandika. Walitaka maabara, ikajengwa. Mwaka jana walibakiza kasoro moja: mkuu wa kozi hana shahada ya kuonyesha. Chuo chake cha zamani hakikujibu barua zake hata moja.

Nilikuwa naye tulipoisoma barua ya wakaguzi. Aliikunja taratibu, akasema, "Kumbe ni miye njo nilibafungia batoto mulango."

Nikamwambia si kosa lake.

"Haiko kosa, najua. Lakini iko vile."

Kesho yake aliomba kustaafu, miaka mitano kabla ya wakati, ili tumtafute mwenye karatasi.

Tumeitangaza nafasi hiyo mara mbili. Hakuna aliyeomba. Wiki iliyopita wakaguzi walilifunga faili letu, kwa kuwa Madame anaondoka na kozi haina mkuu mwingine. Tulikuwa bado tunatafuta namna ya kumwambia, kumbe ameshatusoma usoni. Aliuliza tu kama wale ishirini na wawili waliojiandikisha kuanza Januari wameambiwa kwamba ithibati haipo.

Hawajaambiwa.

Madame Annuarite, asante kwa yote uliyotufundisha. Umetuachia nafasi yako, nasi hatukuweza kuifanya iwe na faida. Tunakuombea, wewe na wanao, siku nyepesi kuliko hizi.