Kufuli Moja Mlangoni

Sogeeni, wanangu. Wewe kifungua mimba kaa kulia, wewe kitinda mimba kaa kushoto, na msinikatize, maana pumzi niliyobaki nayo ni ya kusema mara moja tu.

Mnajua miaka yangu yote ya benki nilishika ufunguo mmoja wa chumba cha hazina, wa pili akashika mwenzangu tuliyemwita Mnoko, na mlango haukufunguka mpaka tusimame sote wawili. Hatukuwa tunasalimiana. Wakubwa walijua na wakafurahi, wakisema walionuniana hawawezi kula njama, nami nikaamini hivyo hivyo, hata nilipowarithisha nyumba hii ya marehemu baba yenu nikaweka kufuli mbili, kila mmoja na ufunguo wake, nikijua hamsemeshani tangu ule ugomvi wa kiwanja. Haukuibwa hata mwiko. Ila hakuna aliyeingia, vumbi likakaa mahali pa watu.

Halafu, mwaka wangu wa mwisho kazini, benki ikabadilika. Akaja meneja mpya na mitambo inayofungua mlango yenyewe na kuona kila mkono, akatudai funguo. Nilikasirika, nikadhani tumetupwa. Tulipotoka mikono mitupu, Mnoko akaniuliza, "Goti lako linaendeleaje?" Kumbe siku zote alikuwa akiniona nikichechemea! Tulicheka pale ngazini mpaka mlinzi akatushangaa, na nikajisikia nimetuliwa gunia.

Ndiyo maana leo asubuhi nimemwita fundi azing'oe zile kufuli zangu mbili, aweke moja, nikaomba niletwe nilale humu. Funguo hizi hapa, zinafanana. Mtu asiulize upi ni wake. Kiwanja kiuzeni, mgawane sawa, kiishe. Deni sina. Mnoko ana sufuria yangu, mwachieni, na akija msibani mpeni kiti cha mbele. Mmoja wenu akimpunja mwenzake, hakuna mtambo utakaomkamata. Najua hilo, na bado moyo wangu ni mwepesi, mwepesi kweli.

Mungu awape kuaminiana, awape... maji kidogo. Ahsante, mwanangu. Basi, inatosha. Nendeni sebuleni mkazungumze, mbishane mkitaka. Huu mlango wa chumbani msiufunge. Nataka... niwasikie.