Aliyeitoa Barabara kwa Shirikisho: Maisha ya Barnabas Tyoyila Gbaange (1949–2022)

Marehemu Barnabas Tyoyila Gbaange alizaliwa tarehe 14 Machi 1949 katika boma la Tse-Gbaange, mtoto wa nne wa Mzee Gbaange Iorhen, mkulima wa viazi vikuu, na Mama Kpadoo. Kati ya watoto saba waliofikia utu uzima ni wawili tu, yeye na mdogo wake Ukeyima, ambaye amekaa hapa mbele na ameomba asiitwe kusema chochote.

Alisoma shule ya misheni ng'ambo ya mto, huko Ikyobo, kuanzia 1957 hadi 1963, kisha sekondari hadi 1968. Somo la uraia lilimkolea vibaya. Wenzake walipokuwa wakipigana vikumbo uwanjani, yeye alikariri kazi zipi ni za Serikali ya Shirikisho, zipi ni za jimbo, zipi ni za halmashauri, na zipi jimbo na Shirikisho hushirikiana. Aliamini kabisa kwamba kila shimo nchini lina mwenyewe, na mwenyewe akiandikiwa barua ya heshima atakuja kulifukia.

Januari 1971 aliajiriwa karani katika idara ya ujenzi ya jimbo. Tarehe 27 Desemba 1974 alifunga ndoa na Mwuese Ayangeaor. Wiki ya kwanza alimwonyesha mkewe karatasi yenye safu tatu: mambo ya mume, mambo ya mke, mambo ya wote wawili. Mama Mwuese aliisoma yote, akauliza, "Yaani umeniletea sheria za Lagos mpaka chumbani? Haya, na hii sufuria inayoungua sasa hivi ni ya safu ipi?" Walicheka, chakula kikaungua. Walijaliwa watoto watatu.

Sasa tuseme lile ambalo marehemu aliagiza lisemwe. Mwaka 1982 barabara yetu, pamoja na daraja lake, ilikuwa ya jimbo, na haikuwa mbaya. Ila kila mji ulitaka kuwa na barabara ya Shirikisho. Ilikuwa sifa, na tuliamini hela zote ziko Lagos, makao makuu ya wakati ule. Ukoo ulimtuma Tyoyila, msomi wake, akusanye saini za wazee kuomba Shirikisho liichukue. Wote walisaini isipokuwa baba mkwe wake, Mzee Ayangeaor. "Mwenye barabara akikaa Lagos," alisema, "mimi nikivunjika mguu shimoni nitampigia kelele nani?" Tyoyila alikwenda kwake siku tatu mfululizo na vitabu vyake, mpaka mzee akachoka akasaini. Ombi likakubaliwa tarehe 9 Juni. Tulichinja ng'ombe wawili, ngoma ya swange ikapigwa hadi vumbi likatufunika.

Alistaafu Januari 2006. Tarehe 23 Septemba mwaka huohuo daraja likaanguka. Hospitali, soko na kanisa kubwa vyote viko ng'ambo.

Basi akaanza kuandika. Halmashauri ilijibu kwamba haina mwenyekiti aliyechaguliwa, ina kamati tu iliyoteuliwa na gavana, na kamati hiyo haikohoi bila kumwuliza gavana. Jimbo likajibu kwamba barabara ni ya Shirikisho, na likijenga halitarudishiwa gharama. Shirikisho, lililokuwa limeshahamia Abuja, likajibu kwamba daraja haliko kwenye bajeti, mbunge wenu aliingize. Mbunge akasema mwulizeni gavana. Kila jibu lilikuwa sahihi kisheria. Hilo ndilo lililommaliza, jamani: hakupata hata ofisi moja ya kuiambia umekosea.

Mwaka 2009 shemeji yake, Iember, binti wa mwisho wa Mzee Ayangeaor, alifia ukingoni mwa mto akiwa na uchungu wa uzazi, akingoja mtumbwi. Tyoyila alikwenda kupiga magoti mbele ya mkwewe. Mzee akasema, "Inuka. Mimi pia nilikula ile nyama." Marehemu aliyarudia maneno hayo mara nyingi mezani. Toka siku hiyo aliomba jambo moja tu: barabara irudishwe kwa jimbo kabla hajafa, ili kosa lake lifutwe. Haikurudishwa.

Mwaka 2020 figo zake zilianza kukataa. Mara mbili kwa wiki alivushwa kwa mtumbwi kwenda kusafishwa damu. Jumanne tarehe 18 Oktoba 2022 alifika ukingoni saa mbili asubuhi na binti yake Nguher, anayewasomea wasifu huu. Mitumbwi yote mitatu ilikuwa imekodiwa kuvusha watu kwenye mkutano wa kampeni ng'ambo. Nguher aliwapigia kelele. Mwenye mtumbwi akajibu kutoka majini, "Dada, subiri kidogo! Tunawapeleka wakaahidiwe daraja!" Watu wakacheka, na Nguher hawalaumu, maana siku nyingine naye angecheka.

Walingoja kwa muda wa saa tano. Kipaza sauti kilisikika vizuri sana. Marehemu, kichwa chake kikiwa mapajani mwa binti yake, aliuliza, "Huyo anagombea nini?"

"Ugavana, Baba."

"Daraja si lake," alisema. Kisha akasema, "Nililitoa mimi." Saa saba na dakika kumi alikata roho.

Ameacha mjane, Mama Mwuese, watoto Nguher, Orngu na Hembadoon, mdogo wake Ukeyima, wajukuu tisa, na barua mia moja na nane, kila moja na jibu lake.

Wagombea watatu wameomba kusema machache leo. Familia imekataa. Aidha, mjane ametangaza kwamba uchaguzi wa Februari atakaa nyumbani. Watoto walimwambia Baba angehuzunika, kwa kuwa yeye hakukosa kupiga kura hata mara moja. Mama Mwuese akasema, "Najua. Nilikuwa namfulia lile shati la kupigia kura."

Tyoyila Gbaange, lala sasa, kwa amani ambayo hukuipata kwa serikali yoyote kati ya hizo tatu.