Chambo cha Kumi na Mbili

Benchi langu liko ukutani mwa duka, upande wa jua, na linatazama ziwa. Huku kwetu kaskazini, mwezi wa nne barafu bado ipo, ila imeshakuwa ya kijivu na mwenye akili zake haikanyagi. Kila Alhamisi saa nne asubuhi nawatolea wazee termosi ya kahawa na maandazi ya iliki, nao wanakuja walewale watatu. Taisto tunamwita Breki, kwa kuwa aliendesha treni miaka thelathini na mpaka leo hamalizi sentensi bila kusimama njiani. Urho ni Profesa. Kazi yake ilikuwa kupanga mbao kiwandani, lakini magazeti ya wiki iliyopita anayasoma yote. Wa tatu ni Kauko, na shida ni yake. Ana vyambo kumi na viwili vya mti, samaki bandia aliowachonga mwenyewe kwa gome la msonobari, na mkewe Aili akawapaka rangi. Aili alifariki mwaka juzi. Vyambo havijapakwa vanishi, na bila vanishi rangi inabanduka siku ileile ya kwanza majini. Basi viko sandukuni, na Kauko hajavua tangu hapo.

Vanishi yenyewe ni nzito kama asali. Ukianika chambo kimetulia, inateremka, inaganda tumboni, na chambo kinaogelea kilevilevi. Lazima kigeuzwe mpaka kikauke. Ndiyo maana Kauko ametengeneza kichanja kinachozunguka: magurudumu mawili ya mbao, mhimili katikati, vyambo vimetundikwa kuzunguka pembeni, na mota. Ni hiyo mota iliyotuweka hapa majira yote ya baridi.

Kauko: Bado inanisumbua. Inakimbia.

Breki: Inakimbia kiasi gani?

Kauko: Mizunguko mitano kwa dakika.

Breki: Alhamisi iliyopita ilikuwa mitatu, ukasema... ukasema inachelewa.

Kauko: Ile ilikuwa mota ya maikrowevu. Hii nimeitoa kwenye jiko la kuchomea nyama.

Profesa: Mimi nilikwambia tangu mwanzo, bwana. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sasa chambo chako kinagaagaa mchana kutwa, kitakaukaje?

Breki: Methali hiyo ni ya chakula, Profesa.

Profesa: Na chambo si chakula? Kamuulize samaki.

Nikawamiminia kikombe cha pili. Profesa akachukua andazi la tatu, akidhani sihesabu.

Breki: Tafuta mota ya kufutia kioo cha gari.

Kauko: Hiyo inakwenda na kurudi. Haizunguki.

Breki: Basi treni. Funga vyambo kwenye ekseli, nenda mjini, rudi. Ukifika... vimekauka.

Kauko: Mizunguko mitano kwa dakika, treni gani hiyo?

Breki: Ya mizigo. Ya huku kwetu.

Profesa: Mnahangaika bure. Dunia yenyewe inazunguka. Mpelekeni Kauko kule ncha ya kaskazini, asimike mti mmoja, atundike, akae. Mzunguko mmoja kwa siku, na umeme halipi.

Breki: Si vanishi itakuwa imeshaganda kabla hata ya kugeuka?

Profesa: Subira huvuta heri.

Breki: Subira yako hiyo itavuta homa ya mapafu.

Profesa: Haya, la mwisho. Ule mpira wa vioo pale ukumbi wa dansi, unaoning'inia darini. Hakuna kitu wilaya nzima kinachozunguka kwa upole kama ule. Tunaushusha, tunatundika vyambo.

Kauko akaweka kikombe chini.

Kauko: Chini ya ule nimecheza na Aili. Kila Jumamosi ya kiangazi. Alikuwa ananikanyaga.

Mimi: Uongo, shemeji. Wewe ndiye ulikuwa unamkanyaga. Plasta za vidole alikuwa ananunua hapa kwangu.

Akacheka kidogo, kicheko cha kwanza tangu barafu ifunge ziwa. Nikaona nimuulize jambo ambalo majira yote ya baridi nilikuwa nalikwepa.

Mimi: Zamani mlikuwa mnafanyaje, kabla ya mota?

Kauko: Alikuwa anageuza yeye. Waya wa chambo mkononi, hivi, vidole viwili, redio inaimba. Saa sita mfululizo, na halikudondoka hata tone moja. Mimi napika viazi. Mpaka leo nikipika viazi nageuka kumwambia vimeiva.

Aili alikuwa rafiki yangu miaka arobaini, na mimi pia nimeshamwekea kikombe kwa kusahau.

Breki: Ila ujue, vanishi ikishakauka... imekauka. Hapo rangi haiingii tena. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kauko: Najua.

Profesa: Kwani nani anataka kuingiza rangi tena? Si imeshapakwa?

Kauko alitoa mfukoni leso, ndani yake chambo kimoja, kile cha kumi na mbili, akampa Profesa akipime uzito kwa mkono, maana Profesa anadai kiganja chake hakikosei hata gramu moja. Profesa akakipima, akataja namba, akakiweka juu ya benchi karibu na maandazi.

Wakati huo basi la maktaba, lile linaloleta vitabu vijijini, likasimama. Dereva ni mpya, binti anaitwa Venla, ana wiki mbili tu njia hii. Nikampa kikombe, akakaa pembeni ya benchi, akasalimia wazee mmoja mmoja. Kisha akakiona chambo.

Venla: Naweza kukishika?

Kauko: Shika, mwanangu.

Alikigeuza kwenye mwanga. Mgongo wa kijani kibichi, tumbo la fedha, madoa mekundu madogo ambayo Aili aliyapiga kwa ncha ya kijiti cha kiberiti. Akakigeuza tena.

Venla: Mbona huyu ana jicho upande mmoja tu?

Wote tulikuwa tumeshakishika chambo kile. Breki amekishika, Profesa amekipima mara nne, mimi nimekifuta vumbi kwa aproni yangu. Na wote tulikuwa tumeliona. Breki akatazama ziwa. Profesa, mwenye jibu la mpaka ncha ya kaskazini, akazama ndani ya kikombe. Nikainua termosi nimwongezee Kauko, ikawa tupu, nami nikaendelea kuiinamisha kana kwamba kuna kitu.

Kauko akakipokea chambo. Akakifunga ndani ya leso, pembe moja, pembe ya pili.

Kauko: Hajamaliza.

Venla akatutazama mmoja mmoja, akaelewa kwamba asiulize tena. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka paa la duka. Kauko amekaa na leso mapajani, hajui aiweke wapi, na nikatamani Aili atokee pale kona ya duka na brashi yake, dakika mbili tu, alimalize lile jicho aende zake.

Breki akakohoa.

Breki: Mizunguko mitano... hapana. Ni mingi kweli, bwana. Mimi ningekuwa wewe, ningetafuta mota nyingine.