Mama Kadi, Mtunga Programu Aliyeitwa Karani

Mama yetu, ambaye wenzake kazini walimwita Mama Kadi, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946, mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza sekondari mwaka 1964 akiwa wa kwanza katika hesabu. Mwalimu wake alimpongeza, akamshauri akajifunze kupiga chapa.

Tarehe 2 Mei 1966 aliajiriwa Idara ya Takwimu. Chumba cha kompyuta kilikuwa na wanawake tisa, maana wakubwa waliiona kazi ile kuwa ya vidole tu. Wao ndio waliotoboa kadi za kuingizia taarifa kwenye mashine, na wao ndio waliotunga programu. Programu iliyochambua sensa ya 1969 ilikuwa yake. Siku moja kadi elfu mbili zilimwagika sakafuni; alikaa chini akazipanga upya kwa kusoma matundu, huku akiimba. Jina likamganda.

Tarehe 19 Juni 1971 alifunga ndoa na baba yetu, mwalimu wa jiografia. Walijaliwa watoto wawili: dada yangu, kisha mimi ninayewasomea haya.

Mwaka 1978 ililetwa mashine mpya. Kazi nayo ikapewa jina jipya, uhandisi wa mifumo, na tangazo likataka “vijana wa kiume wenye shahada.” Mkuu wa idara alimwambia, “Mama, sasa hii ni kazi ya kichwa.”

Akajibu, “Kumbe miaka kumi na miwili yote nilikuwa naifanya kwa miguu?”

Walicheka wote, kisha wakamkabidhi vijana sita awafundishe. Mmoja wao akawa bosi wake. Mama alistaafu mwaka 2001 akiwa karani daraja la pili.

Nasi nyumbani hatukuwa na nafuu. Mwaka 1988 baba alinunua kompyuta, akaiweka chumbani kwangu. Dada alipoketi mbele yake, baba akasema, “Mwachie mdogo wako, hicho chombo cha wanaume.” Mama alikuwa mlangoni. Wiki ileile programu yangu ilipokwama, mama alichungulia mara moja tu, akasema, “Angalia mstari wa saba.”

Nikacheka. “Mama, na wewe unajua nini?”

Kosa lilikuwa mstari wa saba. Sikumwambia.

Mwaka 2014 figo zilianza kumsumbua. Ni wodini, kwa mwenzake wa zamani aliyekuja kumjulia hali, nilikosikia kwa mara ya kwanza habari za sensa ile. Nilikuwa mhandisi wa kompyuta kwa miaka kumi na sita, na sikujua. Nilimuuliza, “Mama, mbona hukuwahi kuniambia?”

Akanitazama. “Uliniuliza lini?”

Alifariki tarehe 8 Agosti 2019, saa nne asubuhi, dada akiwa amemshika mkono.

Idara imetuletea barua ya rambirambi inayomtaja kuwa “karani mtiifu.” Dada amekataa isomwe hapa, na haitasomwa.

Marehemu ameacha mume, watoto wawili, wajukuu wanne, na wenzake watatu waliobaki kati ya wale tisa. Wameketi safu ya nyuma kabisa. Mama zetu, tunawaomba msimame, watu wawaone.

Mungu ampumzishe mama yetu kwa amani.