Fundi Aliyevunja Ukuta wa Jiko

Ndugu waombolezaji, mimi ni mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia hii ikijua wazi kwamba sehemu yake inanihusu, kwa hiyo mkisikia sauti inatetereka mnivumilie.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Fundi Futi kwa sababu futi ya kupimia haikumtoka mfukoni hata siku ya harusi yake, alizaliwa tarehe 14 Machi 1957, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha nguo, akiwa wa kwanza kati ya watoto watano. Alianza shule ya msingi mwaka 1965, akamaliza mwaka 1971, kisha akasomea useremala chuo cha ufundi, ambako mwalimu wake aliandika kwamba ana mikono mizuri na maswali mengi mno.

Mwaka 1975 aliajiriwa hospitali kuu, na huko ndiko alikoanzia ubishi wake na wanaosema tabia haina dawa. Februari 1984 alitumwa kubadilisha kioo cha dirisha la kadi, kilichovunjwa na mgonjwa mwenye hasira kwa mara ya tatu, akaketi pale asubuhi nzima akitazama, akaona kwamba tundu la kuzungumzia lilikuwa dogo kama kisosi na liko usawa wa kifua, hivyo mgonjwa aliinama, karani hakumsikia, karani akapaza sauti, naye mgonjwa akadhani anatukanwa. Badala ya kuweka kioo alikata mbao, akashusha meza, akaweka viti viwili, yote bila kumwomba mtu ruhusa, na akasimamishwa kazi wiki tatu. Katika wiki hizo hakuna aliyegombana pale dirishani, na karani mwenyewe, aliyejulikana hospitali nzima kwa jina la Pilipili, ndiye aliyekwenda kwa mganga mkuu kumtetea. Shemeji, uniwie radhi, lakini historia ni historia. Yeye na karani huyo walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Desemba 1986, wakajaliwa watoto wawili, wa kike na wa kiume, na sisi tuliokuja harusini na hofu zetu hatujauona ukali huo hadi leo.

Sasa nifike mahali pagumu. Mwaka 2012 mimi ninayesoma nilikuwa mlevi, mke wangu amenichoka, ninalala kwa kaka, na tarehe 3 Juni ukoo ulikaa kikao kuamua nitimuliwe, kwani nilikuwa nimeuza hadi pasi ya shemeji. Shangazi alisema sikio la kufa halisikii dawa, wakubwa wakaitikia, ila kaka akaomba wiki moja. Wiki hiyo alinifuata kwa mbali kutoka karakana ninakofanya kazi hadi nyumbani, akakuta vilabu vinne njiani, cha nne kikitazamana na geti letu, akarudi kuwaambia wakubwa kwamba kwa njia ile hata yeye angekunywa. Jumamosi alivunja ukuta wa jiko, pale pale penye rafu ya sufuria, shemeji akanuna siku nne, naye kaka akaweka mlango unaotokea uchochoro wa pili, wenye shule ya chekechea, fundi cherehani, na mama wa mboga asiyekubali salamu nusu. Akanipa ufunguo bila kunihubiria. Nisiwadanganye, sikuacha siku ile, nilianguka mara nyingi, na kila mara nilikuwa nimezunguka makusudi kupitia mbele, lakini tangu Oktoba 2013 sijaonja tena.

Kaka alistaafu mwaka 2017, akaanza kusumbuliwa na moyo Agosti 2023, akalazwa mara tatu, na akafariki Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, saa nne asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliompigania, majirani waliopika na kukesha nasi, na mafundi wenzake waliotengeneza jeneza hili na kukataa asante yetu.

Jana shemeji aliniuliza kama mlango ule sasa uzibwe, apate tena rafu yake, maana miaka kumi imepita tangu niache pombe. Nilimwomba auache, kwa sababu msiba huu umenielemea na vilabu vile bado vipo, naye akanijibu kwamba basi sufuria zitaendelea kukaa chini.

Pumzika kwa amani, kaka yangu. Leo tukitoka hapa, nitapitia nyuma.